Ukoo wa Ngamiani: gunia la nguo

Mama Nasra: Assalaam aleykum wapendwa. Leo nimesafisha kabati. Za kutoa sadaka nimeshazitenga, limebaki gunia la nguo chakavu ambazo hata kumpa mtu ni aibu. Kesho gari la taka linapita. Kuna anayezitaka?

Shangazi Mwana: Waaleykum salaam. Wifi usitupe! Humo ndani kuna nini? Tuma picha.

Nasra: Shikamoo shangazi. Mama anaipiga sasa hivi, ila paka ameshalala juu yake 😂

Shangazi Mwana: Marahaba mwanangu. Mtoeni.

Mama Nasra: [picha]

Shangazi Mwana: Naona jinzi mbili, shati la mistari, taulo, fulana kama nne, khanga. Na hiyo inayong'aa pembeni ni nini?

Mjomba Hamisi: NI JEZI YANGU YA COASTAL UNION. Imefikaje kwenye gunia??

Mama Nasra: Kaka Hamisi, jezi imekaa kwangu tangu Idi na kwapani imetoboka.

Mjomba Hamisi: Hata ikitoboka. Wagosi wa Kaya hatutupwi jalalani. Sisi ni mabingwa wa ligi wa 1988.

Baba Nasra: Tangu 1988 mnaishi kwa kumbukumbu tu 🤣

Shangazi Mwana: Shem tulia, jezi hiyo siihitaji. Haifai hata kudekia. Ni poliesta, hainywi maji, utasukumana nayo sakafuni maji yanakukimbia. Za kudekia ni hizo fulana za pamba. Zikateni tu mraba, wala msihangaike kupinda, fulana haifumuki ukingoni kama kitambaa cha shati.

Rehema: Shikamooni wote. Shangazi, hapo kwenye poliesta nisaidie. Mwezi jana nilijishonea kishika sufuria kwa mkono kutokana na suruali ya ofisini ya mume wangu. Siku ya kwanza tu nimeshika sufuria ya wali, kitambaa kimeyeyuka, kimeganda kwenye sufuria, na vidole vimeungua. Nimekwangua mpaka leo haijatoka.

Shangazi Mwana: Pole sana mwanangu. Suruali nyingi za ofisini zina poliesta ndani, hata ukiishika unaona kama pamba. Kabla hujashona kitu cha jikoni, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani, zibane kwa koleo, ziwashe juu ya sinki. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, majivu yanasagika ukiyagusa. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukikiona kidonge, nguo hiyo haikanyagi jikoni. Na usikiguse kikiwa cha moto.

Nasra: Nimejaribu sasa hivi kwa jinzi ya baba. Majivu!

Baba Nasra: Jinzi YANGU?

Mama Nasra: Ile isiyopita tena mapajani, baba Nasra.

Baba Nasra: Haya.

Rehema: Shangazi, basi nielekeze kishika sufuria cha kweli. Polepole, mimi mshona kwa mkono.

Shangazi Mwana: Kaa vizuri, ni ndefu. Jinzi, kata vipande viwili vya mraba, sentimita 22 kila upande. Taulo lile kuukuu nalo vipande viwili, kipimo hicho hicho. Kitanzi cha kutundikia usishone kipya, kiunoni kwenye jinzi kuna vitanzi vya mkanda, fumua kimoja. Sasa panga: taulo zote mbili chini, juu yake jinzi ya kwanza uso juu, kitanzi ukilaze kwenye kona kikitazama ndani, kisha jinzi ya pili uso chini. Yaani nyuso nzuri zinatazamana. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuzunguka, usiamini pini, taulo huwa linateleza. Shona pande zote, acha nafasi ya vidole vinne ya kugeuzia. Kata ncha za kona bila kugusa mshono. Geuza, sukuma kona kwa kijiti cha mshikaki, ile nafasi ikunje ndani uifunge. Mwisho pitisha mshono toka kona hadi kona, kama X. Wengi wanaiacha hii, wakifua mara mbili taulo lote linakusanyika upande mmoja, na upande mwingine ndio unaokuunguza.

Rehema: Nimeelewa. Kwa hiyo nikishakipata, hata sufuria ya ugali nabeba?

Shangazi Mwana: Unabeba, ila kiwe kikavu. Kikilowa moto unapita mpaka mkononi na mvuke juu. Ndiyo maana nasema shoneni viwili viwili, kimoja kiwe kwenye kamba.

Mama Nasra: Wifi, na shati la mistari? Kola imeisha kabisa.

Shangazi Mwana: Kola huisha mapema, mgongo unabaki mzima. Hilo ni foronya ya mto wa kochi, tena bila kununua zipu. Funga vifungo, ila viwili vya katikati viache wazi. Ligeuze ndani nje, lilaze mezani, mbele na mgongo vikae sawa. Mto wako una 40? Chora mraba wa 43, safu ya vifungo ipite katikati. Kata, shona pande zote nne, ugeuzie pale palipo wazi. Mlango wa foronya ndiyo hivyo vifungo. Ila angalia kabla hujakata, kifungo kisiangukie kwenye mstari wa mshono, utavunja sindano.

Baba Nasra: Shati hilo ndilo nilivaa siku nakuja kuposa.

Mama Nasra: Basi utalilalia 😂

Mjomba Hamisi: 🤣🤣🤣

Nasra: Bibi yuko hapa pembeni yangu, anasema niandike. Anasema khanga msizikate kate vishikio. Khanga ikishachakaa inalainika kuliko kitambaa chochote cha dukani. Doti ni vipande viwili, anasema kimoja mkate nepi, kingine kiachwe kizima kiwe mbeleko. Na ukikata usipite kwenye jina, yale maandishi, kata mji, ile sehemu ya katikati.

Shangazi Mwana: Mama ana haki. Khanga niliitolea macho mimi, lakini naiacha.

Nasra: Anasema nepi ni za Rehema.

Rehema: BIBI 🙈🙈 Nani kakuambia??

Mama Nasra: Rehema!! Mwanangu!! Mashaallah!

Mjomba Hamisi: Kumbe gunia hili lilikuwa na habari. Hongera binti.

Rehema: Ahsanteni jamani. Nilitaka kuwaambia mwenyewe Ijumaa. Mama mdogo, basi na jinzi ya pili usiitoe kwa mtu, nataka mfuko wa soko. Hii mifuko laini tunayouziwa tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, nikitia viazi kilo tatu tu, mkono wake unang'oka.

Shangazi Mwana: Mfuko wa jinzi ni rahisi, miguu miwili unaipasua unaiunganisha. Kazi iko kwenye mishono minene, pale nguo inapokuwa tabaka nne tano. Kwa mkono usithubutu, njoo Jumamosi utumie cherehani yangu. Tunaupigapiga mshono kwa nyundo mpaka ulale, halafu hapo hatukanyagi, tunazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja.

Rehema: Nije na nini?

Shangazi Mwana: Uzi mnene na sindano za jinzi, namba 16. Hii ya 14 iliyo kwenye cherehani ni ya magauni. Nunua mbili, moja itavunjika.