Nusu-maisha ya mRNA kwenye hamira: GAL1, rpb1-1, thiolutini au 4tU?

Mjumbe_R: Nataka kujua kama mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) ya jeni moja inachelewa kuoza Dhh1, protini inayosaidia uozaji huo, ikiondolewa. Kati ya njia hizi nne za kupima nusu-maisha (muda wa mRNA kupungua kwa nusu), ipi hainipotoshi?

Kitikisio: Jeni moja? GAL1. Weka jeni yako chini ya promota hiyo (swichi ya jeni), otesha kwenye galaktosi 2%, inayoiwasha, hadi OD (kipimo cha wingi wa seli) 0.5, kisha tia glukosi ifike 4% ili kuizima. Chota dakika ya 0, 2, 4, 6, 8, 10, 15, 20, 30 na 60. mRNA ya MFA2 hubaki nusu ndani ya dakika 3 au 4, kwa hiyo ukichelewa mwanzoni umeikosa. PGK1 huchukua kama nusu saa. Angalia tu kitu kimoja: glukosi yenyewe huharakisha kuoza kwa baadhi ya mRNA, SUC2 na SDH2 zikiwemo.

Nyuzi37: rpb1-1, badiliko la jeni, huzima polimerasi II nzima (kimeng'enya kinachotengeneza mRNA) kwenye nyuzi 37, hivyo unapima jeni mahali pake pa asili. Usihamishie chupa kwenye joto ukasubiri. Changanya hamira ya nyuzi 24 na midia ya nyuzi 50, ujazo sawa, zinakutana 37 papo hapo. Ila kwako siipendekezi, ndugu. Hamira isiyo na Dhh1 haiwezi vizuri nyuzi 37, na mshtuko wa joto hubadilisha mRNA nyingi. Utashindwa kutenga kipi kimesababisha nini.

Mjumbe_R: Na thiolutini, dawa ya kuzima utengenezaji wa mRNA?

Nyuzi37: Rahisi kutumia, ngumu kuamini. Dozi ikizidi huzuia uozaji wenyewe, yaani kitu kile kile unachopima.

Bibi_Pipeti: Mkitaka jenomu nzima bila kuzima chochote, ni 4-thiourasili (4tU), alama inayoingia kwenye RNA mpya: 5 mM, dakika 6. Punguza urasili kwenye midia, maana hushindana nayo kuingia selini. Ongeza kiasi kile kile cha seli za S. pombe (hamira ya spishi nyingine) zilizotiwa alama kwenye kila sampuli kabla ya kutoa RNA, la sivyo huwezi kulinganisha sampuli na sampuli. Kwenye kasi ya uozaji, punguza pia mchango wa ukuaji: seli zikigawanyika kila dakika 90, ni 0.0077 kwa dakika. Faida yake kubwa ni kuona utengenezaji na uozaji kwa pamoja. Hamira ikipungukiwa na uozaji hushusha na unukuzi (utengenezaji wa mRNA), basi kiwango cha jumla kinaweza kukaa palepale ukadhani hakuna kilichotokea.

Kitikisio: Kwa GAL1, mengi huharibikia kwenye kuvuna. Usizungushe kwenye sentrifuji polepole. Seli zikikosa glukosi hata dakika moja, tafsiri ya protini husimama na uozaji hubadilika. Chuja, gandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika.

Mjumbe_R: Kipimo cha kulinganishia kiwe ACT1, jeni ya aktini?

Bibi_Pipeti: Hapana. Tumia SCR1, RNA inayotengenezwa na polimerasi III na hudumu. Haina mkia wa poli(A), kwa hiyo cDNA (nakala ya DNA ya RNA hiyo) itengenezwe kwa praima za nasibu (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili). Oligo-dT, praima inayoshika mkia huo, haifai hata kwa jeni yako: Ccr4-Not, kundi la protini, ikishakata mkia, mRNA haishikwi tena ingawa bado ipo nzima. Na bila Dhh1, ambayo husukuma kuondolewa kwa kofia ya mwanzo wa mRNA, hizo zisizo na mkia ndizo zinazorundikana.