Mark II GX110: naweka nyuzi 18 AC inatoa moto, fundi anasema kompresa. Naomba ushauri kabla sijanunua

mkazi_wa_mbezi:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu na Mark II Grande GX110 ya 2001, ile yenye AC ya digitali, unachagua nyuzi halafu unabonyeza AUTO inajiendesha yenyewe. Shida ilianza taratibu, mara inapoa mara inaleta vuguvugu hasa nikikaa kwenye foleni, sasa hivi hata nikiweka 18 inatoa hewa ya moto kabisa. Feni inapuliza vizuri spidi zote, taa ya AC imewaka wala haipepesi, kompresa (ile pampu inayosukuma gesi ya AC) naisikia ikishika na mzunguko wa injini unashuka kidogo, geji ya joto la injini iko pale pale katikati. Fundi wa kwanza kaongeza gesi, hakuna kilichobadilika. Wa pili kasema kompresa imechoka nitafute nyingine. Kwa joto hili la Dar la Februari na nina mtoto mchanga anakaa nyuma niko tayari kununua, ila nataka uhakika kwanza. Kitu kingine nilichoona, nikiweka 18 au nikipandisha mpaka 32 hakuna tofauti, moto ni ule ule. Je ni kompresa kweli?

fundi_baridi:
Mkuu usinunue kompresa kwanza, hiyo sentensi yako ya mwisho ndio imebeba jibu. Kwenye gari hizi baridi na joto ni vitu viwili tofauti. Evaporeta inapoza hewa yote inayopita, halafu mbele yake kuna heta inayopitisha maji ya moto ya injini, na katikati kuna mlango wa plastiki unaoamua hewa kiasi gani ipite kwenye heta na kiasi gani isipite. Ukiweka 18 mlango unatakiwa uzibe heta kabisa, ukiweka 32 ufungue yote. Sasa mlango ukigoma upande wa joto, kompresa inaweza kuwa nzima kama mpya na wewe bado unaungua humo ndani.

Pima hivi, haina gharama. Washa gari, AC, feni mwisho, iache kama dakika kumi, fungua boneti tafuta bomba nene la aluminiamu la AC linaloingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, lishike. Kama ni la baridi na linatoka jasho basi kompresa inafanya kazi. Usishike lile jembamba linalotoka kwenye kompresa hilo ni la moto, na kunja mikono ya shati maana mkanda na feni vinazunguka.

Ya pili, gari lenyewe linaweza kukwambia. Zima gari, bonyeza na ushikilie AUTO pamoja na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, huku umeshikilia washa swichi mpaka ON. Taa zote za paneli zitapepesa mara nne na mlio, baada ya hapo pale panapoonyesha nyuzi zitaanza kuja namba. 00 maana yake hakuna kosa. Ukimaliza bonyeza OFF. Kama yako ni ile yenye skrini kubwa utaratibu unaweza kutofautiana kidogo. Tuletee namba.

Bawazir_Msa:
Ndugu yangu pole, hapa Mombasa joto na unyevu wa bahari tunaujua vizuri. Naongezea kitu ambacho makanika wengi hawakiangalii kabisa. Hiyo AC ya AUTO ina sensa ya joto la ndani, ipo nyuma ya vitundu vidogo kwenye dashibodi, na kuna mpira mwembamba unaovuta hewa ya ndani ipite hapo. Mpira ukichomoka au vitundu vikijaa vumbi, sensa inapima joto la dashibodi badala ya joto la mahali ulipokaa, kompyuta inachanganyikiwa. Premio yangu ilikuwa hivyo ikawa inapoza inaacha inapoza inaacha, nilisafisha tu ikatulia. Pia kuna sensa ya jua juu ya dashibodi karibu na kioo, kama umetandika lile zulia la manyoya au umeweka boksi la tishu juu yake toa.

dereva_wa_masafa:
Mimi naona tusiiache gesi wala feni ya kondensa. Amesema ilianza kwenye foleni, na gari inayopoa ikitembea ikasumbua ikisimama mara nyingi feni ya mbele imechoka au kondensa (ile kama rejeta ya AC iliyo mbele) imeziba matope. Halafu huyo fundi aliyeongeza gesi alifunga geji ya kupima presha ya gesi au alikisia tu?

fundi_baridi:
Upo sahihi mkuu, feni aiangalie, AC ikiwaka inatakiwa izunguke kwa nguvu. Ila feni ikifa unapata hewa ya kawaida isiyopoa, hupati moto wa heta. Na hewa haiwezi kutoka na moto kama huo kwa AUTO ya 18 bila mlango kuhusika.

mkazi_wa_mbezi:
Wakuu nimerudi. Bomba ni la baridi sana na linatoka jasho mpaka matone yanadondoka! Feni ya mbele inazunguka vizuri. Nimefanya ile ya vitufe gari ikiwa chini ya mwembe, zimekuja 21 na 41. Yule fundi wa gesi geji hakufunga, alipima tu kwa kugusa na mkono. Hizo namba ni mbaya?

fundi_baridi:
Safi sana. 21 ni sensa ya jua, hiyo inatokea yenyewe ukipima kivulini, rudia gari ikiwa juani itaondoka. Yenye maana ni 41: kompyuta inaiamuru mota ya mlango wa kuchanganya joto izunguke lakini mlango hausogei. Kwa hiyo kompresa haina kosa.

Toa plastiki za chini ya dashibodi upande wa miguuni, kwenye boksi la heta utaona mota ndogo nyeusi ina waya na mkono unaosukuma mlango. Mwambie mtu abadilishe 18 na 32 huku unaangalia. Kama haisogei, ifungue skrubu tatu, sogeza mlango kwa kidole. Ukigoma, kuna kitu kimekwama ndani, nimeshatoa kalamu na majani makavu humo. Ukisogea laini basi mota ndio imekufa. Tafuta used, Ilala zipo, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe soketi. Wakati unasubiri, sukuma mlango kwa mkono upande wa baridi uuache hapo, mtoto apate ubaridi leo leo.

Na hiyo gesi iliyoongezwa kwa kukisia, mpeleke mwenye geji na pampu ya vakyumu aitoe yote apime upya kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika ya boneti. Gesi ikizidi presha inapanda, hapo ndipo kompresa itakufa kweli.

mkazi_wa_mbezi:
Ahsante sana mkuu, nimeusukuma mlango, ubaridi unatoka kama zamani. Kesho asubuhi naenda Ilala. Mwenye kumjua fundi wa AC mwenye geji na pampu maeneo ya Mbezi au Kimara anielekeze tafadhali.