Naomba ushauri: brashi ipi inafaa kuchambulia nywele za mtoto?

Habari zenu wapendwa. Nina binti wa miaka 6, nywele zake ni za kipilipili, nzito, hazijawahi kutiwa dawa. Shida inaanza siku ya kufumua. Jumamosi iliyopita nilimfumua twende kilioni, nikaanza kumchana na chanuo la mbao kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Mtoto alilia mpaka akakwama pumzi, na kwenye chanuo nikakuta kifundo cha nywele kikubwa kama kokwa la embe dodo. Roho iliniuma sana.

Jirani yangu msusi ameniambia nianzie kwenye ncha nikipanda taratibu, nywele ziwe na maji na kondishena, nizigawe mafungu manne na kushika shina kwa mkono ili ngozi isivutwe. Nimejaribu, kilio kimepungua, ila chanuo bado linakwama kisogoni.

Sasa nataka kununua brashi. Kariakoo nimeziona aina mbili: ile ya Denman yenye mistari 7 ya meno kwenye mpira, na ile ya plastiki iliyopasuliwa katikati, inayopinda ukiikandamiza. Naogopa ya kwanza, meno yamebanana mno. Hii inayopinda muuzaji anaisifu, lakini yeye anauza.

Wenye watoto wa nywele kama hizi, mnatumia ipi? Na mnachambua zikiwa zimelowa kabisa au nusu kavu? Kufumua tena ni wiki ijayo, naombeni msaada wenu.