Fildi ya wiki nane: kampuni ndogo ya programu, TEHAMA ya benki, au programu huria kwa mbali?

Mwanachuo_Mwaka3
Wakuu, shikamooni. Nasoma uhandisi wa kompyuta mwaka wa tatu, Dar. Fildi yetu ni wiki nane na inaanza baada ya mitihani ya Julai. Bado miezi sita, ila nataka kupanga mapema. Nina njia tatu:
1. Kampuni ndogo ya programu, watu sita, wanatengeneza mfumo wa kupokea malipo ya simu kwa maduka. Wanatoa nauli tu.
2. Idara ya TEHAMA ya benki. Posho ipo, na jina ni kubwa.
3. Google Summer of Code (GSoC), mpango wa Google wa kuchangia programu huria kwa mbali na kulipwa, halafu niombe chuo kiihesabu kama fildi.

Python na SQL naandika, Git (ya kutunza matoleo ya msimbo) naijua kijuujuu. Laptop ina RAM ya GB 8. Lengo langu ni ajira ya kutengeneza programu. Mngenishauri ipi?

FundiSeva
Marahaba, mdogo wangu. Jina la kampuni liweke pembeni kwanza. Kila mahali uliza hivi: nani atausoma msimbo wangu, na mara ngapi kwa wiki? Ukijibiwa "tutakupangia mtu", jua huyo mtu bado hayupo.

Benki, wiki ya kwanza na mara nyingi ya pili huishia kwenye vibali: akaunti ya mtandao wa ndani, kadi ya mlango, ruhusa ya hifadhidata ya majaribio. Usiwalaumu, kwa sababu mgeni wa wiki nane hawezi kukabidhiwa taarifa za wateja. Tena mfumo mkuu wa benki kwa kawaida hununuliwa kutoka kampuni ya nje, kwa hiyo idara huuunganisha na mifumo mingine, huutunza na kutoa ripoti. Kwa anayelenga mitandao au usalama, hiyo ni shule nzuri sana. Kwa lengo lako, nenda benki endapo tu watakuweka kwenye kitengo kinachoandika programu ya simu au ya mawakala, na wakuthibitishie hilo kwa barua pepe.

BintiWaMsimbo
Mimi nasema namba 1, kwa sharti kwamba kuna mhandisi mmoja anayekagua kila badiliko kabla halijaunganishwa na mfumo. Bila mkaguzi utaandika mengi na hutajua lipi ni baya.

Mifumo ya malipo inafundisha haraka kwa sababu kosa linaonekana kwenye hela. Mfano: mtoa huduma anatuma taarifa kwamba mteja amelipa. Seva yenu ikichelewa kujibu, anaweza kuituma tena. Mwanafunzi huandika hivi: tafuta namba ya muamala, isipokuwepo ingiza na uongeze salio. Taarifa mbili zikifika kwa wakati mmoja, zote mbili zinakuta haipo, na duka linaongezewa salio mara mbili. Dawa yake iko kwenye hifadhidata: weka sharti la UNIQUE (lisiloruhusu kurudiwa) kwenye namba ya muamala, ingiza muamala na salio katika transaksheni moja, yaani vyote vikubali au vyote vikatae, na ikigoma kwa kurudiwa, jibu "imepokelewa" bila kugusa salio.

La pili ni saa. Seva nyingi hutunza muda wa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Ukikata ripoti ya siku kwa tarehe ya UTC, malipo ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku yanaangukia jana. Duka la dawa la saa 24 hesabu zake hazitafunga hata siku moja.

Kwa wiki nane omba kazi yenye mwisho, kwa mfano ripoti ya kulinganisha miamala ya mfumo na taarifa ya mtoa huduma. Wiki 1 kuendesha mfumo kwenye mashine yako, wiki 2 kurekebisha hitilafu ndogo, wiki 3 hadi 6 kazi yenyewe, 7 majaribio na marekebisho ya mkaguzi, 8 maelezo ya matumizi na makabidhiano.

Kaka_Nairobi
Naunga mkono. Ukitaka kujipima kabla ya Julai, fungua akaunti ya majaribio ya Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom (njia ya programu yako kuzungumza na M-Pesa), ujaribu ombi la kumtokea mteja kwenye simu aweke PIN. Watu hukwama mahali pale pale:
- Tokeni, yaani kibali cha muda cha kuitumia API, inaisha baada ya sekunde 3,600. Ihifadhi na uiombe upya, usiombe mpya kwa kila muamala.
- Nywila ni namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda, vikiunganishwa na kugeuzwa Base64 (namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu). Muda huo lazima ulingane na ule unaoutuma kwenye ombi, la sivyo unakataliwa.
- Anwani ya kupokea majibu haiwezi kuwa localhost. Seva zao haziioni laptop yako.

Na funguo za siri zisiingie Git. Ukishazisukuma (kuzipakia huko), kulifuta faili baadaye hakusaidii, kwa kuwa historia inalo. Badilisha ufunguo wenyewe mara moja.

MpendaHuria
Ndugu, namba 3 isipuuzwe, ila ratiba zenu hazikutani. Maombi ya GSoC kwa kawaida hufungwa Machi au Aprili, na kazi huanza mwishoni mwa Mei au Juni, wewe ukiwa unajiandaa na mitihani. Miradi ni ya saa 90, 175 au 350. Ule wa 175 ukigawa kwa wiki 12 ni kama saa 15 kwa wiki. Malipo hutegemea nchi unakoishi na hutolewa baada ya kufaulu tathmini.

Kikwazo kikubwa ni chuo. Msimamizi huja kukukagua kazini, na fildi ya nyumbani huenda isikubaliwe. Pata jibu la mratibu kwa maandishi kabla hujaandika pendekezo. Hata usipoomba, chagua mradi mmoja sasa hivi urekebishe hitilafu mbili tatu. Git ya kijuujuu itaisha huko. Kwa kuokoa bando, pakua kwa `git clone --depth 1`, inayoleta toleo la mwisho tu bila historia nzima.

Mwanachuo_Mwaka3
Asanteni sana, nimeelewa. Namba 1 inanivuta, mkaguzi nitamuulizia kesho. Laptop itatosha? Na logibuku (daftari la kazi za kila siku za fildi) niijazeje kwa kazi za namna hii?

FundiSeva
GB 8 inatosha kwa Python na hifadhidata moja. Ukiwasha Docker (ya kuendesha programu ndani ya makasha yake), emuleta ya Android (simu ya kuigiza kwenye kompyuta) na kivinjari kwa pamoja, itaganda. Tumia simu halisi kwa USB badala ya emuleta.

BintiWaMsimbo
Logibuku jaza jioni ile ile. Usiandike "niliandika programu". Andika namba ya kazi, kilichobadilika na kilichogoma: "Kazi 41: nimeongeza UNIQUE kwenye jedwali la miamala, badiliko la jedwali liligoma kwa sababu kulikuwa na rekodi 3 zilizojirudia." Msimamizi wa kampuni asaini kila Ijumaa, maana wiki ya mwisho huwa kasafiri.

Kwenye ripoti usiweke majina, namba za simu wala picha ya skrini yenye wateja halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa kampuni na wewe pia. Tengeneza data za kubuni, na ripoti nzima ipitiwe na kampuni kabla hujaipeleka chuo. Wape angalau siku tano za kazi.