Tupeane uzoefu: uamuzi wa kotabeki uliofanyika ligi ikiwa imelala, ukakuumiza au ukakufurahisha

BluuNewJersey (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Humu kila siku ni usajili wa Simba na Yanga na mimi nausoma wote, ila najua tupo wachache tunaofuatilia mpira wa Kimarekani, wengine tuko huku huku Marekani na wengine mko nyumbani mnakesha kuangalia Super Bowl, fainali ya ligi, saa nane na nusu usiku halafu asubuhi mnaingia kazini. Sasa hivi ligi imelala na mimi ndio roho iko juu kuliko hata wakati wa mechi, maana Machi soko la wachezaji huru linafunguliwa, mwisho wa Aprili kuna drafti, yaani timu zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu, na kila zamu inaitwa chaguo, halafu mwisho wa Agosti kila timu inapunguza watu inabaki na 53. Kitakachoamuliwa hapo kuhusu kotabeki utaishi nacho miaka mitatu minne. Kila mtu aseme cha timu yake.

Kwa wageni tu: kotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua autupe, ampe mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe. Na ligi ina kikomo cha mishahara, 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa timu nzima, kwa hiyo ukimpa mtu mmoja 40 ujue kuna watu utawakosa.

Mimi ni Giants. Januari 2023 Daniel Jones alitushindia mtoano ugenini kwa Vikings, 31-24, alicheza vizuri mno sikatai, mji mzima ulichanganyikiwa. Machi wakampa miaka minne dola milioni 160. Sasa angalieni hapa, mwaka mmoja kabla ya hapo uongozi huo huo ulikataa kumwongezea mwaka wa tano kwenye mkataba wake wa kwanza wa drafti kwa dola milioni 22 hivi, yaani 22 waliona nyingi, mwaka uliofuata wakatoa 40 kwa mwaka! Siku hiyo hiyo wakambana Saquon Barkley kwa mkataba wa lazima wa mwaka mmoja ambao timu inamwekea mchezaji asiondoke. Novemba 2023 Jones goti likaenda, Novemba 2024 wakamwachia kabisa. Saquon naye Machi 2024 akavuka kwenda Eagles, mahasimu wetu, miaka mitatu dola milioni 37.75 tu, msimu wake wa kwanza akakimbia yadi 2,005 na Februari 2025 akabeba Super Bowl, wakawafunga Chiefs 40-22. Mwenye timu yetu alionekana kwenye runinga akimwambia meneja kwamba atakosa usingizi kijana akienda Philadelphia, na bado wakamwacha aende.

Jones simlaumu, hakujiandikia hundi mwenyewe. Kinachoniuma ni kwamba walilipa hofu. Waliogopa kubaki bila kotabeki, basi mechi moja ya Januari ikafuta yote waliyoyaona miaka mitatu nyuma. Nyie kwenu ilikuwaje?

BintiErie

Kaka umenigusa. Mimi ni Cleveland, niliolewa nikaletwa huku nikaikuta Browns nyumbani kwa mume na sasa naipenda kuliko yeye anavyoipenda. Tulikuwa na Baker Mayfield, chaguo la kwanza la drafti ya 2018, Januari 2021 akaenda Pittsburgh akawapiga Steelers 48-37 kwenye mtoano, timu haikuwa imeshinda mechi ya mtoano tangu msimu wa 1994, watu wazima walilia hapa mtaani. Msimu uliofuata akacheza na bega bovu, hakupumzishwa vya kutosha, mambo yakaharibika, na uongozi ukaamua tatizo ni yeye.

Machi 2022 wakamleta Deshaun Watson kutoka Houston Texans. Wakatoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na mengine juu yake, wakampa dola milioni 230 kwa miaka mitano, zote za uhakika, yaani acheze asicheze zinalipwa. Na wakati huo zaidi ya wanawake 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai za unyanyasaji wa kingono. Yeye alikana na kesi ya jinai haikufunguliwa, lakini ligi ilimfungia mechi 11 na faini ya milioni 5. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulipangwa milioni moja na kidogo tu, kwa hiyo kufungiwa kulimgharimu kidogo. Mimi ni mwanamke na nina mabinti, hilo la mshahara ndilo lililonivunja moyo kuliko kufungwa mechi yoyote. Nilikaa msimu ule bila kuvaa jezi.

Halafu hata kwa mpira wenyewe tu. 2023 bega likafanyiwa upasuaji, tukamtoa Joe Flacco nyumbani kwake Novemba akatupeleka mtoano, Oktoba 2024 Watson akakatika kano ya kisigino, na kabla hajapona ikakatika tena. Chaguo letu la 2023, la 12, Texans walilitumia kupanda mpaka la tatu wakamchukua Will Anderson, nikimwona anavyowakimbiza makotabeki wa watu naumia. Na Baker? Tulimtoa kwa chaguo la raundi ya tano lenye masharti, akazunguka, akafika Tampa, 2024 akarusha pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga. Niliyoyaona hapa ni kwamba usimuuze mtu kwa mwaka aliocheza mgonjwa.

mwana_Eastlands

Niaje wasee. Mimi niko Nairobi, nilianza kufuata Colts wa Indianapolis 2013 ju ya Daniel Adongo, yule jamaa wetu wa raga walimsign bila hata kucheza hii game maishani. Adongo hakukaa sana lakini mimi nilibaki, na nilibaki ju ya Andrew Luck. Sasa mnaongea kuhusu mikataba, yangu haikuwa mkataba. Tarehe 24 Agosti 2019, wiki mbili hivi ligi ianze, habari inatoka Luck anastaafu akiwa na miaka 29, inatoka mechi ya matayarisho ikiendelea na yeye yuko hapo kando ya uwanja, na mashabiki wakamzomea akitoka. Hapo nilikasirika na mashabiki wetu kusema kweli. Huyo mtu alicheza na mbavu zimeumia, figo imechanika, bega limepasuliwa, na miaka yake ya kwanza walimwekea mstari wa mbele wa kumlinda dhaifu sana, kila wiki anaangushwa. Kosa lilifanyika offseason za 2013, 2014, 2015, bili ikakuja 2019.

Tangu hapo kila mwaka sura mpya. Brissett, Philip Rivers 2020, Carson Wentz 2021, Matt Ryan 2022, halafu 2023 tukachukua Anthony Richardson chaguo la nne na chuo alikuwa ameanza mechi 13 tu, akatupwa ndani wiki ya kwanza kabisa. Buda huyo alihitaji kukaa benchi mwaka mzima. Alafu 2025 nani anakuja? Huyo huyo Daniel Jones wa mwenye uzi, mwaka mmoja milioni 14. Na alicheza!! Tulikuwa 8-2, yaani tumeshinda nane tumepoteza mbili, mimi nilikuwa nalala saa kumi asubuhi. Desemba kano ya kisigino ikakatika, tukamrudisha Rivers kutoka kustaafu akiwa na miaka 44, mtu ashakuwa babu, na tukamaliza 8-9. Lakini hiyo deal ya Jones mpaka leo naitetea, bei ilikuwa sawa na mwaka ulikuwa mmoja.

BluuNewJersey

Mkuu hiyo ya Jones ilinichanganya sana, nilifurahi kwa ajili yake na nikaumia kwa ajili yetu kwa wakati mmoja. Ndio nachosema, mtu yule yule kwa 14 ni usajili mzuri na kwa 40 ni mzigo.

mkongo_wa_Buffalo

Bandugu, mimi ya kwangu ni furaha na uchungu pamoja. Drafti ya 2017 Bills tulikuwa na chaguo la 10, tukawaachia Chiefs wapande kutoka 27, wakamchukua Patrick Mahomes. Ndiyo, ni sisi tulifungua mlango ule, na tangu hapo wametutoa mtoano mara nne. Lakini 2018 tukamchukua Josh Allen wa saba, mwaka wa kwanza pasi zake hazikufika hata asilimia 53, watu wa runinga walimcheka, na timu haikumkimbia. Walimletea walinzi, Machi 2020 wakamletea Stefon Diggs, akafunguka, 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Hapa Buffalo Wakongo ni wengi, watoto wetu wanakua na jina la Allen. Mahomes sisemi sana, naumia.

kijani_na_dhahabu

Green Bay hapa. Siri yetu wote mnaijua ila hakuna anayeifuata. 2005 tukamchukua Aaron Rodgers wa 24 wakati Brett Favre bado yupo, akakaa miaka mitatu. 2020 tukapanda mpaka 26 kumchukua Jordan Love, Rodgers akanuna, akakaa miaka mitatu tena. Aprili 2023 Rodgers akaenda Jets, huko mechi ya kwanza kabisa, mpira wa nne tu kuanzishwa, kano ikakatika, na Love msimu huo huo akaenda Dallas akawapiga Cowboys 48-32 kwenye mtoano. Kijana akae, asome. Basi.

zambarauMN

Shemeji wa kijani, samahani, huo ushauri ndio uliotuua sisi. Minneapolis hapa, Vikings. Na sisi kijana wetu alikaa! J.J. McCarthy, chaguo la 10 la 2024, Agosti hiyo hiyo goti likamtoa mwaka mzima, akakaa akasoma, na aliyecheza ni Sam Darnold kwa mwaka mmoja wa milioni 10, mtu ambaye Jets na Panthers walishamkatia tamaa. Tukaenda 14-3. Halafu mechi mbili za mwisho, Detroit 31-9 na Rams 27-9, hiyo ya Rams aliangushwa mara tisa, mara TISA, na kesho yake mtaani kila mtu anasema Darnold amerudi kuwa yule wa zamani.

Machi 2025 tukamwacha. Akaenda Seattle, miaka mitatu milioni 100.5, na Februari 2026 akabeba Super Bowl. Sisi na McCarthy wetu anayeumia kila mara tukaishia 9-8 nje ya mtoano.

Mwenye uzi amesema Giants walilipa kwa sababu ya mechi moja nzuri. Sisi tulimwachia mtu kwa sababu ya mechi mbili mbaya, ni ugonjwa ule ule umegeuzwa upande. Hoja ya pesa naielewa, kijana wa drafti mkataba wake ni mdogo miaka minne na unaweza kuwalipa wengine, na tuliwalipa wengi kweli. Lakini ulikuwa na kotabeki wa ushindi 14 ndani ya nyumba, ungekaa naye mwaka mmoja zaidi, hilo silitoi moyoni.

Mlima5280

Wote mnaongea kana kwamba kununua mkongwe ni dhambi. Mimi Denver nimeona pande zote mbili kwa timu moja. 2012 tulimleta Peyton Manning, shingo imefanyiwa upasuaji, msimu mzima uliopita hakucheza, watu wakasema wazimu. Fainali mbili, na kombe la Super Bowl 50 likaja nyumbani. Lakini angalieni alivyokuja, alikuwa huru, hatukutoa chaguo hata moja.

2022 Russell Wilson. Machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya pili, la tano, na wachezaji watatu. Alikuwa bado ana miaka miwili kwenye mkataba wake. Miwili! Hakuna aliyekuwa anatukimbiza. Na kabla hajacheza hata mechi moja ya kweli na jezi yetu tukamwongezea miaka mitano dola milioni 245, ni sawa na kulipa kodi ya nyumba ya miaka mitano kabla hujaingia kuona kama paa linavuja. Machi 2024 tukamwachia, na mishahara ya mtu ambaye hayupo ikala milioni 85 za kikomo chetu kwa misimu miwili. Tukamchukua Bo Nix wa 12, kwa pesa ya drafti, na msimu wake wa kwanza akatupeleka mtoano na deni lile likiwa bado mgongoni. Kwa hiyo umri sio kitu. Shida ni kulipa mara mbili, kwanza kwa machaguo halafu kwa pesa, na zote kabla hujamwona uwanjani.

BintiErie

Hiyo ya kulipa mara mbili ndio sisi kabisa. Asante kaka.

BluuNewJersey

Nimewasoma wote, wa Minneapolis pole sana. Narudi kwetu maana soko ndio hili. Tuna Jaxson Dart, 2025 tulipanda tukamchukua wa 25, kijana ana moyo lakini anakimbia na mpira kifua mbele, Novemba kule Chicago akapata mtikisiko wa ubongo. Kocha sasa ni John Harbaugh na mimi namwamini. Dart bado ni wa bei ya drafti mpaka 2028, kwa hiyo hatuna sababu ya kugombania jina lolote kubwa kipindi hiki. Pesa iende kwa walinzi wa mbele yake, hasa upande wa kulia na katikati, na mkongwe mmoja wa bei nafuu wa kukaa naye benchi. Na yule wa Nairobi kaniogopesha na habari ya Luck, kwa kweli sitaki kuisikia hiyo kwetu. Wa Dallas na wa Pittsburgh mko kimya, njooni mseme.