Neema Anataka Kupanda Nemesis

FAMILIA YA ILAZO 🏠

Neema: Shikamooni wakubwa. Mbukwenyi. Jumamosi nakwenda na wenzangu wa kazini Alton Towers, bustani ya michezo ya huku Uingereza, nitapanda Nemesis 🎢

Neema: [picha]

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Hiki ni nini, jengo ambalo halijaisha?

Neema: 😂 Ni rolakosta mama, treni ya michezo. Viti vinaning'inia chini ya reli, miguu inabaki hewani.

Shangazi Penina: Miguu hewani kwa nini, sakafu walikosa hela?

Elia: 😂😂😂

Neema: Ndiyo burudani yenyewe shangazi. Ilijengwa 1994. Waliifunga Novemba 2022, wakang'oa sehemu kubwa ya reli na nguzo, wakaweka mpya kwa kufuata njia ileile, wakaifungua tena tarehe 16 Machi 2024. Sasa wanaiita Nemesis Reborn. Wenzangu wote walishapanda, nimebaki mimi.

Mama Neema: Chuma kimechakaa mpaka kikang'olewa, halafu wewe ndiye unakwenda kukipanda.

Emanueli: Mama mkubwa, kilichochakaa ndicho walichotupa. Anapanda kipya.

Mama Neema: Wewe nyamaza, una mtihani.

Elia: Mbona kwenye picha inaonekana iko shimoni?

Neema: Iko shimoni kweli. Eneo lile haliruhusiwi kujengwa kitu kinachozidi urefu wa miti. Basi wakapasua mwamba, wakaizamisha humo. Inapita katikati ya mawe, na kuna maji yametiwa rangi nyekundu kama damu.

Shangazi Penina: Wangekuja kujenga Dodoma. Miti ya kuwazuia wangeikuta wapi 😂

Elia: Na mawe tungewapa bure.

Mjomba Yohana: Neema, shikamoo yako nimeipokea. Hiyo treni inakwenda kasi gani?

Neema: Kama kilomita 80 kwa saa hivi mjomba.

Elia: Hamna kitu. SGR inakwenda 160 na watu wanakunywa soda.

Neema: SGR haikupindui kichwa chini miguu juu mara nne Elia. Na hii njia nzima ina mita 716 tu. Kabla hujamaliza kupiga kelele umeshafika.

Mjomba Yohana: Injini iko mbele au nyuma?

Emanueli: Haina injini mjomba. Mnyororo unaivuta mpaka juu ya kilima cha kwanza, halafu unaiachia. Kutoka hapo ni uzito wake wenyewe mpaka mwisho. Ndiyo maana kilima cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote, kwa sababu njiani inaendelea kupoteza nguvu kwa msuguano na upepo.

Mjomba Yohana: Kwa hiyo ni behewa lisilo na injini, limejaa watu, linateremka mlima lenyewe.

Emanueli: Ndiyo.

Mjomba Yohana: Hiyo sisi kazini relini tulikuwa tunaiita ajali.

Elia: 😂😂😂😂 mjombaaaa

Shangazi Penina: Nimecheka mpaka mboga imeungua.

Mjomba Yohana: Chekeni. Mimi 24 Juni 2002 sikucheka. Igandu mnaikumbuka au mlikuwa hamjazaliwa? Treni ya abiria ilishindwa kwenye mlima, ikarudi nyuma, ikaigonga ya mizigo. Watu 281. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kitu kinapanda mlima, swali langu la kwanza ni nini kinakizuia kisirudi.

Shangazi Penina: Mungu awapumzishe.

Mama Neema: Amina. Msiba ule uliingia kila mtaa wa mji huu.

Emanueli: Mjomba, hilo swali lina jibu. Ukiangalia video za rolakosta ikipanda, utasikia tak-tak-tak-tak. Ni vyuma vilivyo chini ya behewa vinaangukia kwenye meno ya reli, jino moja baada ya jingine. Mnyororo hata ukikatika, behewa linakaa palepale kwenye jino la mwisho.

Mjomba Yohana: Kama ratcheti.

Emanueli: Ratcheti kabisa.

Mjomba Yohana: Hapo sawa. Na magurudumu? Ikipinduka kinachoishika ni nini?

Emanueli: Yako ya juu ya reli, ya ubavuni, na mengine chini ya reli. Yameibana pande tatu, haina pa kutokea.

Bibi (simu ya Elia): Bibi anauliza huyo mtoto amekosea nini mpaka wanampindua.

Neema: 😂😂 Shikamoo bibi. Sijakosea, napenda mwenyewe.

Bibi (simu ya Elia): Anasema marahaba, ila hajaelewa.

Shangazi Penina: Jamani, kabla hamjapinduka wote, mchango wa sendofu ya Joyce. Daftari ninalo, na majina mengine yamekaa bila namba pembeni kama wageni. Sitaji mtu.

Elia: Shangazi mtandao unasumbua.

Shangazi Penina: Wa kucheka hausumbui.

Mjomba Yohana: Nitatuma kesho Penina. Neema, nina swali la pili. Ziko treni ngapi kwenye hiyo njia kwa wakati mmoja?

Neema: Zaidi ya moja. Wengine wanapanda, wengine wako njiani.

Mjomba Yohana: Basi hapo ndipo penye kazi. Reli mpya si hoja, chuma mtu yeyote mwenye pesa ananunua. Nani anahakikisha mbili hazikutani?

Emanueli: Njia imegawanywa vipande. Treni moja ikiwa ndani ya kipande, ya nyuma inazuiwa isiingie mpaka ya mbele itoke. Kompyuta ndiyo inayosoma nani yuko wapi. Na breki zake kawaida zimefungwa, zinahitaji nguvu ya hewa ili zifunguke. Hewa ikikosekana, zinabana.

Mjomba Yohana: Hiyo ni kanuni ya reli ya tangu enzi za babu zenu, wamebadilisha mashine tu. Na ufunguo wa kuikatalia kompyuta anao nani?

Emanueli: Mjomba hilo swali ni zito kuliko unavyojua. Pale pale Alton Towers kuna nyingine inaitwa Smiler. 2 Juni 2015 ilikuwa siku ya upepo, behewa tupu la majaribio likashindwa kumaliza mzunguko, likakwama bondeni. Kompyuta ikaisimamisha treni yenye watu. Mafundi hawakuliona lile lililokwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakaondoa zuio lake. Treni ikaenda kuligonga. Watu 16 waliumia, wasichana wawili walikatwa mguu. Mwaka uliofuata mahakama iliwatoza wenye bustani faini ya pauni milioni 5.

Neema: Emaaa 🤦🏾‍♀️ hili ni la kuweka kwenye kikundi chenye mama?

Mama Neema: Neema hupandi.

Mama Neema: Narudia, hupandi. Nimekusomesha na miguu miwili, urudi na miwili.

Shangazi Penina: Mimi naungana na wifi.

Neema: Mama ile ni nyingine kabisa, na ni zamani.

Mama Neema: Mwenye bustani si yule yule?

Elia: Ema ameua sherehe.

Mjomba Yohana: Dada, subiri. Nimeisoma mara mbili. Mashine ilisema simama. Waliosema twende ni watu.

Mama Neema: Sasa hiyo inanisaidia nini Yohana? Huko si watu hao hao?

Mjomba Yohana: Inasaidia. Kifaa kilifanya kazi yake, kililiona lile behewa lililokwama ambalo mafundi hawakuliona. Kampuni iliyotoa pauni milioni 5 na kusomewa makosa yake mbele ya nchi nzima haitamwachia fundi ufunguo kirahisi tena. Ningeogopa zaidi ile bembea ya kuzungushwa kwa jenereta wanayoleta uwanjani wakati wa sikukuu, ambayo nati zake hujui nani alizikaza. Na wajukuu wako uliwapandisha, nilikuwepo.

Shangazi Penina: Hapo wifi umekamatwa.

Mama Neema: Ile inazunguka taratibu.

Mjomba Yohana: Mpwa wangu, nenda. Ila sikiliza. Mkisimamishwa juu, au foleni ikisimama bila sababu, usiwe miongoni mwa wanaowapigia kelele wahudumu waharakishe. Kelele za abiria ndizo zinazomfanya fundi aanze kubahatisha. Nimeziona stesheni miaka yote.

Neema: Nimekuelewa mjomba. Asante.

Mama Neema: Uvae suruali. Na simu usiishike mkononi.

Neema: Ndiyo mama 😂

JUMAMOSI

Mama Neema: Neema

Mama Neema: Neema umeshapanda?

Elia: Mama mkubwa, huko saa hizi ndiyo kwanza asubuhi.

Mama Neema: Sijakuuliza wewe.

Neema: NIMESHUKA 🎉🎉🎉 mzima, miguu miwili, nimeihesabu.

Mama Neema: Ashukuriwe Mungu. Nipigie, maandishi siyaamini.

Mjomba Yohana: Tak-tak umeisikia?

Neema: Niliisikia mjomba, nikawa nazihesabu hatua zake kwa kukukumbuka. Ilipoachia nikasahau kila kitu. Kuna mahali unaona mwamba unakuja usoni, unakunja miguu mwenyewe. Mwenzangu ananiuliza nilikuwa napiga kelele kwa lugha gani.

Shangazi Penina: Ulisemaje?

Neema: Yayagwe.

Elia: 😂😂😂😂😂 Kigogo kimefika Alton Towers

Emanueli: Kwenye ile mizunguko ulihisi mwili umekuwa mzito?

Neema: Mzito kama nimebeba mtu. Nilishindwa hata kuinua mkono. Nitarudi tena.

Mama Neema: Hurudi.

Bibi (simu ya Elia): Bibi anauliza wamekulipa kiasi gani.

Neema: Hawakunilipa bibi, mimi ndiye niliyelipa kiingilio.

Bibi (simu ya Elia): [ujumbe wa sauti]

Elia: Hiyo sauti msiifungue mbele ya watoto 😂