Saruji mifuko 38 ndani, kazi hakuna, fundi anadai: nifanyeje?

BintiWaFuoni
Assalaam alaykum jamaani. Naomba ushauri, mnaotaka kunicheka mnicheke baadaye.

Nafanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja Nungwi. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2020, korona ilipoingia na ndege za watalii zikasitishwa, tukaambiwa turudi majumbani mpaka tutakapoitwa. Mshahara wa Machi nimepata nusu, wa Aprili sijauona. Skuli zimefungwa, watoto wangu wawili wanashinda nyumbani, na kwa vile hawafungi Ramadhani hii, wanakula kama nzige.

Nilikuwa najenga Fuoni. Kuta zimepita madirisha, kilichobaki ni kupiga lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Saruji nilinunua Februari, mifuko 38, iko chumba cha nyuma kwa mama. Nondo ziko uwanjani. Fundi nilimpa nusu ya ujira, nusu ya pili tuliandikiana atapata kuta zikisimama. Zimesimama, mimi ndo nimeanguka. Kila baada ya alasiri anakuja, anakaa barazani, hasemi kitu. Bora angegomba.

Kaka yangu anasema uza saruji umlipe. Mama anasema subiri, watalii watarudi. Na masika ndo haya.

MuashiWaZamani
Waalaykum salaam dada. Hayo ya kuuza au kusubiri yaache kwanza, kaiangalie saruji leo hii. Bonyeza kila mfuko kwenye pembe. Ukikuta mabonge yanayovunjika kwa vidole, hiyo utapigia plasta, lenta usiitie. Ukikuta bonge linalotaka nyundo, imeshakufa. Saruji inakunywa unyevu hata mfuko ukiwa haujafunguliwa, na miezi mitatu chumbani masika si mchezo. Ilobaki ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike plastiki.

Nondo, kutu ya juu juu haina neno, utaisugua kwa brashi ya waya. Ikianza kumenyuka maganda ndo ujue umeumia. Na vichwa vya kuta vifunike, uweke tofali juu plastiki isiruke.

KijanaWaWete
Dada, mimi saidia fundi, nakusemea huyo wa barazani. Zamani nikisimama na beleshi asubuhi, saa moja nimeshachukuliwa. Mwezi wa nne nilisimama mpaka adhuhuri, narudi na beleshi kavu. Waliokuwa wanajenga nyumba za kukodisha wageni wote wameacha. Nikapanda boti nikarudi Pemba, na huku karafuu bado. Mpe hata kidogo, mtu ana futari ya kupeleka nyumbani.

BabuShangani
Mama yako ana moyo mzuri, lakini apite mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe. Maduka ya vinyago yamefungwa, paka wamelala katikati ya njia na hakuna wa kuwaruka. Watalii watarudi, ila saruji haijui kusubiri. Uza. Na usikopeshe jirani, utakuja kukaa wewe kwenye baraza yake.

MamaNasra
Mpe fundi saruji badala ya pesa, yamalizike.

KijanaWaWete
Saruji haipikwi uji, mama.

MamaNasra
Mwanangu, fundi hakosi mtu wa kumuuzia. Haya, mimi niko Mwanakwerekwe, ukuta wangu wa uani umeanguka na mvua hizi. Nachukua kumi, taslimu, ila nitaibonyeza mwenyewe.

BintiWaFuoni
Nimerudi. Mifuko 11 iliyogusa ukuta imeshika unyevu. Mmoja umekuwa jiwe kabisa, mama kaufanya kigoda cha kukalia akikuna nazi. Ishirini na saba mizima.

Jana fundi alipokuja nilimtolea maji ya kunawa nikamwambia ukweli wote. Kumbe ana mteja Jang'ombe anayeziba nyufa, kakosa saruji. Kachukua kumi kwa bei ya dukani, tumeandika kwenye karatasi ileile. Kilichobaki kwenye deni nitamlipa kwa pesa ya MamaNasra. Mifuko saba nimeipandisha juu ya mbao. Haitoshi lenta, najua, lakini na kuta nimezifunika.

MamaNasra, njoo kesho baada ya alasiri, na uvae barakoa tafadhali. Mama ana pumu. Fundi atakuwepo barazani, atakusaidia kupakia.